Shanga za udongo wa polima, na kaye ya kuchunga mawazo

Jarida hili limezoea kuwaletea habari za mbegu, mbolea na bei ya maharagwe. Safari hii tunazungumza shanga, au bushanga kama wengi wetu tunavyosema mitaani. Tumeulizwa swali hilo mara nyingi na ba mama wa koperative wanaoshuka Birere kuuza mavuno: "Mukono iko bure, tunaweza fanya nini?" Wanasema kweli. Msimu A tunapanda mwezi wa Septemba na tunavuna Januari. Msimu B unaanza Februari au Machi, na mavuno yake yanafika Juni na Julai. Palizi ikiisha, kuna wiki ambazo shamba linasubiri tu mvua na jua, nyumbani pesa imekwisha, na shule inadai. Shanga hazihitaji shamba wala mvua, na mfuko mzima wa kazi unaenea ndani ya kikapu kimoja.

Tuseme mapema kwamba shanga hazitachukua nafasi ya maharagwe. Ni kazi ya pembeni. Lakini kazi ya pembeni nayo inaweza kula pesa ya kikundi ikiwa haina hesabu na haina kumbukumbu, na ndiyo sababu nusu ya makala hii inahusu kaye na bik kuliko udongo.

Udongo usiotoka shambani

Udongo wa polima unaitwa udongo kwa sababu unafinyangwa kama udongo. Kwa kweli ni plastiki. Ni jamaa wa ile PVC ya mabomba ya maji, imesagwa ikawa unga laini, ikachanganywa na mafuta ya kulainisha na rangi. Ukiuacha wazi hauwi mgumu kama udongo wa chungu. Unakuwa mgumu ukipata joto la kadiri tu, kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi, kwa muda wa nusu saa hivi. Hapo ndipo uzuri wake ulipo kwetu: chungu cha kawaida kinahitaji tanuru la moto mkali sana, udongo huu unahitaji joto dogo kuliko la kuoka mkate.

Majina yanayojulikana zaidi ni Fimo, inayotoka Ujerumani, na Sculpey, inayotoka Marekani. Pakiti ndogo ya kawaida ina gramu 57. Katika magazini ya Birere si kitu cha kila siku kama sabuni. Mara nyingi inabidi kumtuma mtu anayesafiri kwenda mji mkubwa. Kwa hiyo usinunue rangi kumi na mbili kwa mara ya kwanza. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu zinatosha: kwa kuchanganya hizo tano unapata kijani, kahawia, zambarau, kijivu na rangi nyingine zote unazohitaji. Chukua nyeupe nyingi kuliko zingine, maana ndiyo inayoisha kwanza.

Pakiti ikifika, ifunge vizuri na uiweke mahali pa baridi. Jua la dirishani au bati la moto vinaweza kuanza kuigandisha kabla hujaigusa. Usiiweke ndani ya kikombe cha plastiki ngumu inayong'aa, kwa sababu mafuta yake yanashambulia baadhi ya plastiki na kuvinatisha pamoja. Mfuko laini wa nailoni unatosha.

Kazi ya mkono

Kanda kwanza. Kipande kidogo kidogo, kati ya viganja, mpaka kiwe laini bila nyufa. Anza na rangi nyeupe, maliza na nyeusi, na ufute mikono kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila unapobadilisha rangi, la sivyo nyeupe yako itakuwa ya kijivu. Chupa tupu ya soda inafaa kwa kusukumia, wembe wa jileti kwa kukatia, na sindano ya gunia au spoki ya kinga kwa kutobolea. Shanga inatobolewa kabla ya kuokwa. Zungusha sindano polepole kutoka upande mmoja, na ncha ikianza kuonekana upande wa pili, ichomoe uingize kutoka huko. Ukisukuma moja kwa moja, tundu linatoka na mdomo uliopasuka.

Njia moja inayopendeza na inayookoa muda ni ile tunayoiita mua. Unatengeneza fimbo nene ya udongo yenye picha ndani yake, kwa mfano kiini cha njano kilichozungukwa na mabua matano meupe, halafu buluu nje. Unaibana na kuivuta polepole mpaka iwe nyembamba. Picha haipotei, inakuwa ndogo tu. Kila unapokata kwa wembe, ua lilelile linatokea. Vipande hivyo vyembamba vinabandikwa juu ya shanga ya kawaida na kuviringishwa. Mafundi wa vioo wa Venice walitumia akili hiyohiyo kwa shanga za kioo, ambazo wafanyabiashara walizileta Afrika kwa wingi. Na tusisahau kwamba Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika karne ya 19 shanga zilikuwa pesa ya soko. Watu waliokuwa wanauza samaki na unga walijua aina moja ya shanga na nyingine vizuri kama sisi tunavyojua noti mpya na noti iliyochanika.

Joto, na hatari yake

Hapa tunawaomba msome polepole, hasa ninyi mnaokaa Birere penyewe, ambako nyumba za mbao zimebanana na moto ukishika moja unafika ya tatu kabla maji hayajaletwa.

Udongo wa polima ukiokwa kwa joto lake, unakuwa imara na hauna shida. Ukipita joto hilo kwa mbali, unakuwa mweusi na kuanza kutoa moshi, na moshi wa PVC iliyoungua una tindikali inayochoma macho, koo na mapafu. Kwa hiyo mambo mawili hayana mjadala. La kwanza, kazi ya kuoka inafanyika nje, mahali penye hewa, mbali na watoto. La pili, lazima kuwe na kipimajoto cha oveni, kile kidogo cha chuma kinachowekwa ndani. Kikundi kisicho na kipimajoto kisinunue udongo kwanza, kinunue kipimajoto.

Mwenye umeme wa kuaminika anaweza kutumia oveni ndogo ya mezani. Asiye nao atumie sufuria kuukuu yenye mfuniko juu ya mbabula. Weka mchanga mkavu chini, vidole viwili au vitatu, juu yake kigae kilichovunjika au bati la mkebe, na shanga zikae juu ya karatasi nyeupe bila kugusa kuta za sufuria. Kipimajoto kikae karibu na shanga, si pembeni. Washa makala machache. Sufuria ya mchanga inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, na hiyo ndiyo faida yake. Kabla ya kuweka shanga yoyote, jifunzeni kuishika sufuria yenyewe kwenye nyuzi 120 kwa nusu saa, kwa kuongeza kaa moja au kuondoa kaa moja. Ikishakubali, okeni shanga mbili tu. Zikitoka salama, ndipo mlete zingine. Fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, maana kila aina ina joto lake.

Mtu atauliza: "Kwani haiwezi kuchemshwa tu?" Haitoshi. Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hata yakitokota mchana kutwa hayafiki 110. Shanga itaonekana ngumu nje, ndani itabaki mbichi, na mteja atairudisha imevunjika. Kipimo cha kujua kama imeiva ni hiki: oka pamoja na shanga kipande chembamba kama ukucha. Kikishapoa, kipinde. Kilichoiva kinapindika kidogo na kurudi, kisichoiva kinakatika kama biskuti.

Wengine watawaza oveni ya mkate ya mtaani baada ya mwokaji kumaliza. Hapana. Mahali pa chakula ni pa chakula. Sufuria, kisu, chupa na ubao vilivyogusa udongo huu visirudi jikoni tena, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula.

Moshi ukitokea kwa bahati mbaya, ondoa sufuria kwenye moto ikiwa imefunikwa, usogee upande upepo unakotoka, na usiifunue mpaka ipoe.

Hesabu kabla ya hamu

Shanga ya mviringo yenye upana wa milimita 12 inakula karibu gramu 1.7 hadi 1.9 za udongo. Pakiti ya gramu 57 basi inatoa shanga 30 hivi. Bangili ya mkono wa mtu mzima inachukua shanga 15 za ukubwa huo. Maana yake pakiti moja ni bangili mbili tu! Tuseme pakiti imewafikia kwa dola 4, pamoja na usafiri. Kila bangili imekula dola 2 za udongo peke yake, bado kamba, makala, na saa mbili za mama. Ukiiuza dola 3 pale sokoni, umefanya kazi karibu bure.

Ndiyo maana tunashauri shanga tatu za polima kwa bangili, zikae katikati mahali pa kuonekana, na zilizobaki ziwe za kitu kinachopatikana kwetu. Pakiti ileile itatoa bangili kumi, na udongo katika kila moja utakuwa wa senti 40. Mbegu ngumu nyeusi za maua ya kana zinafaa sana, zinatobolewa zikiwa bado changa kisha zinakaushwa. Lakini zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, turituri, msiziguse: zina sumu kali, na kuzitoboa ndiko kunakoifungua.

Kuna pia unga wa kufinyanga usio wa plastiki, unaotengenezwa kwa wanga wa mahindi, ule unaouzwa kama maizena. Kikombe kimoja cha wanga, kikombe kimoja cha kole nyeupe ya mbao, kijiko cha mafuta na kijiko cha maji ya limau, juu ya moto mdogo huku unakoroga mpaka donge liachane na sufuria. Ukande, ulifunge kwenye nailoni usiku mmoja, ufinyange kesho yake, na ukaushe kivulini siku mbili au tatu. Shanga zake ni nzuri na rahisi, zinapungua kidogo zikikauka, na adui yao ni maji. Bila kupakwa verni, jasho litazilainisha. Kwa kujifunzia mkono, hatujaona kitu bora kwa bei hiyo.

Kaye

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vikundi vingi vinaliacha nyuma. Fikirieni mnunuzi amepita Petite Barrière, ameona bangili moja yenye buluu ya ziwa wakati wa asubuhi, amelipa, ameondoka. Baada ya mwezi anarudi: "Munitengenezee makumi mbili kama hii hii." Aliyechanganya buluu ile ni mama mmoja, na sasa yuko kijijini anavuna. Wengine wanajaribu. Moja inatoka nzito, moja inatoka ya kijani. Mnunuzi anaangalia, anatikisa kichwa, anavuka barabara. Oda ya bangili ishirini imepotea kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi.

Rangi inaandikwa kwa kuhesabu. Sukuma kila udongo uwe bapa wa unene mmoja, halafu ukate kwa kifuniko kilekile cha chupa ya soda. Kila duara ni kipimo kimoja. Kisha andika: buluu 2, nyeupe 5, nyeusi robo. Mtu yeyote wa kikundi, hata kama hakuwepo siku ile, atapata rangi ileile. Kifuniko chenyewe kifungwe kwa uzi kwenye kaye, kisipotee na kisibadilishwe na kingine.

Kila aina ya shanga ipewe ukurasa wake na namba yake. Juu ya ukurasa tarehe, chini yake mchoro, hata mbaya, halafu hesabu ya rangi, ukubwa, joto na dakika za kuoka. Pembeni shonea shanga moja halisi kwa uzi, maana wino na kamera zote zinadanganya kuhusu rangi. Pia mchanganyiko mara nyingine unabadilika kidogo ukishaiva, na ile shanga iliyoshonwa ndiyo shahidi. Mwanamemba asiyejua kusoma anaikuta kazi yake kwa kuangalia shanga na kuhesabu miduara iliyochorwa. Tunalisisitiza hili, kwa sababu tumeona mahali pengi kaye inakuwa mali ya yule mmoja aliyesoma, na akikosekana kazi inasimama.

Hayo ni ya shanga zilizokwisha kufanywa. Mawazo ambayo bado hayajafanywa yana sehemu yake, na tunapendekeza muanzie nyuma ya kaye kwenda mbele. Wazo halina saa. Linakuja ukichagua maharagwe, ukingoja gari, ukiwa kanisani. Na kwetu mawazo yamejaa kila upande: maharagwe yenyewe, yale ya madoadoa mekundu, ya njano, ya zambarau yenye mistari, kila aina ni shanga tayari. Jiwe la lava, jeusi lenye matundu, ambalo tangu Januari 2002 Nyiragongo lilipopita katikati ya mji tumelijengea mpaka nyumba. Fedha ya sambaza wakiwa wabichi. Gurudumu la chukudu. Pindo la kitenge la mama aliyepita mbele yako. Andika maneno matatu na mchoro wa haraka, na jina la aliyeliona. Usiseme nitakumbuka jioni. Jioni kuna kupika.

Mara moja kwa wiki, siku ileile mnayokutana kwa akiba ya MUSO au AVEC, fungueni kurasa za nyuma. Someni yote kwa sauti. Chagueni mawili tu ya kujaribu wiki hiyo. Yaliyobaki yasifutwe. Wekeni alama: mstari kwa lililojaribiwa, msalaba kwa lililoshindikana na sababu yake kwa neno moja ("linapasuka", "linakula udongo", "hawanunui"), duara kwa lililouzwa. Lililoshindikana lina thamani, kwani mwakani mtu mpya atakuja na wazo hilohilo na pakiti ya dola 4 itaokolewa. Binafsi tunapenda misalaba kuliko miduara kwa sababu hiyo, ingawa ba mama walitucheka tulipowaambia.

Simu inasaidia kwa picha, ipigwe mchana kivulini na namba ya shanga ionekane ndani ya picha. Lakini simu inaibiwa, inaanguka majini, inaishiwa umeme. Kaye iwe ya kwanza na simu ya pili. Iwekwe ndani ya nailoni mbili, itundikwe mbali na mbabula, na kila miezi mitatu mtu anakili kurasa muhimu kwenye kaye ya pili inayokaa nyumba nyingine, mtaa mwingine. Birere tunajua moto.

Wazo ni la nani?

Mashariki ya hapa kuna mifano miwili inayofaa kutazamwa. Nairobi kuna Kazuri, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Susan Wood pamoja na wanawake wawili waliokuwa wanalea watoto peke yao. Jina lina maana ya kitu kidogo na kizuri. Wao wanatumia udongo wa kweli na tanuru, na kazi hiyo imekua mpaka inaajiri mamia ya wanawake. Uganda, wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini na kukaa Kampala walitengeneza shanga za karatasi za magazeti na matangazo, na tangu 2004 shirika la BeadforLife lilizipeleka kwenye masoko ya mbali. Kote huko, shanga moja inafanywa na mikono mingi, na yule aliyeibuni si lazima awe yule anayeivirigisha.

Kwenu itakuwa hivyo pia, na ugomvi unaanzia hapo. Mama amebuni shanga ya haragwe, inauzwa vizuri, siku moja anatoka kwenye kikundi. Je, anaondoka na haragwe lake? Tumesikia hoja za pande zote mbili, na hatuoni kuna jibu moja kwa kila koperative. Tunachoona ni kwamba swali hili linajibiwa kwa amani kabla shanga haijauzwa, na kwa kelele baada ya hapo. Njia moja iliyo rahisi: mbunifu anaandikwa jina kwenye ukurasa, anapata franka kidogo zilizokubaliwa kwa kila bangili ya namba hiyo inayouzwa akiwa mwanachama, na akitoka, yeye na kikundi wote wana ruhusa ya kuendelea kuitengeneza. Mkiona njia nyingine inawafaa, sawa. Iandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye, kila mmoja atie sahihi au kidole, kisha ndipo mfungue pakiti ya kwanza.